Deni la "Kwa Sababu"

Katika maneno yote tunayoyatumia kila siku, sidhani kama lipo lililo jepesi kulitamka na gumu kulithibitisha kama hili: "kwa sababu." Fulani amefeli kwa sababu ni mvivu. Shamba la jirani limestawi kwa sababu ana dawa. Mtoto ameharibika kwa sababu mama yake alimdekeza. Tunalitamka asubuhi hadi jioni, na hakuna anayetudai ushahidi. Mimi nililitamka siku moja mbele ya darasa, na deni lake nimelilipa kwa muda mrefu.

Nilikuwa nikifundisha Biolojia katika shule moja ya sekondari huku kwetu Mkiwa, mkoani Singida, mahali ambapo barabara ya kwenda Itigi inaachana na barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Msafiri anayepita ndani ya basi huona vibanda, malori na vumbi. Anayeishi hapa hujua kwamba maisha yetu hupimwa kwa maji. Mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na ikikatika katikati hapana pa kukimbilia.

Somo la wiki ile lilikuwa namna ya kufanya jaribio linaloaminika. Katika sekondari zetu Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, lakini kanuni hii niliwaambia kwa Kiswahili ili iwakae: badili jambo moja tu, mengine yote yaache sawasawa. Ukitaka kujua kama samadi ya mbuzi hukuza alizeti, panda mbegu za aina moja, katika udongo wa shimo moja, ndani ya makopo ya ukubwa mmoja, kwenye jua lile lile, kwa kipimo kile kile cha maji. Kisha makopo matano yatie samadi, na matano uyanyime. Hayo uliyoyanyima ndiyo ya kulinganishia. Bila hayo huwezi kusema lolote, maana huenda alizeti ingestawi hata bila samadi yako.

Wanafunzi hawakukawia kuyapa jina yale makopo yaliyonyimwa. Waliyaita "wakiwa," kwa maana ya watu walioachwa peke yao bila wa kuwasaidia. Na kwa kuwa ndilo jina la mahali petu, walicheka sana. Tukapanga zamu ya kumwagilia: kikombe kimoja kwa kila kopo, kila jioni.

Wiki ya nne tulipima kwa rula. Wakiwa walikuwa warefu kuliko wenzao waliotiwa samadi.

Niliona aibu, kama mpishi aliyeita wageni kisha wali ukaungua. Wiki mbili za mwisho zamu ilikuwa ya kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyetoka mbali na ambaye mara nyingi alifika baada ya kengele. Sikumwuliza kitu. Nilisema mbele ya wote: "Jaribio limeharibika kwa sababu huyu hakumwagilia. Ni mvivu, wote tunamjua." Nikampa adhabu ya kuteka maji ya bustani ya shule kwa wiki nzima. Hakujibu neno. Alichukua ndoo akatoka.

Siku ya tatu msichana mmoja wa darasa lile alinifuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akasema, macho yakiwa chini, kwamba aliyeharibu jaribio ni yeye. Kila asubuhi, baada ya kupiga deki darasani, alikuwa akiwamiminia wakiwa maji safi yaliyobaki ndooni. Walimtia huruma. Wamenyimwa samadi, angalau wapate maji. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza katika miaka yangu yote ya kufundisha: "Mwalimu, tukishajua, na wao watapewa?"

Alipoondoka nilibaki nikihesabu. Tofauti ile ingeweza kuwa na sababu tatu, au zaidi. Huenda kijana hakumwagilia. Huenda mtu aliongeza maji. Huenda samadi yenyewe, ambayo tuliizoa zizini ikingali mbichi, iliunguza mizizi michanga; mkulima yeyote angetuonya kwamba samadi huachwa ioze kwanza. Sababu zote hizo zilikuwa mbele yangu, nami nikachagua moja. Sikuichagua kwa ushahidi. Niliichagua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mtu wa kubebeshwa lawama, tena mtu asiye na mtetezi. Kuchelewa kwake nilikuwa nimekuita uvivu bila kumlinganisha hata mara moja na mwenzake atembeaye mwendo ule ule. Kanuni niliyoiandika ubaoni nilikuwa nimeivunja kabla chaki haijafutika.

Waliotangulia nao waliteleza. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaunywesha maji kwa miaka 5. Mche ukawa mti wa ratili 169 na zaidi, na udongo haukupungua ila wakia chache. Akaamua kwamba mti wote umetokana na maji. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Alipima kwa uangalifu mkubwa, lakini aliisahau hewa, ambayo leo kila mwanafunzi anajua kwamba mmea hujijenga kwayo. Ilikuwa imeuzunguka mti wake usiku na mchana, na hakuihesabu kwa kuwa haionekani.

Kijana wangu naye alikuwa na hewa yake. Nilipomwita na hatimaye kumwuliza, nilijua kwamba kila alfajiri huwapeleka ng'ombe wa babu yake kunywa maji kabla ya kushika njia ya shule. Kuhusu makopo, alisema alimwagilia kila jioni bila kukosa. "Mbona hukusema siku ile?" nilimwuliza. Akanijibu, "Nilijua hutaniamini, Mwalimu."

Lakini swali la yule msichana lilibaki, na ndilo zito zaidi. Je, ni halali kumnyima mmoja ili tujue kinachomfaa mwingine? Kwa alizeti ni jambo dogo. Kwa watu, historia ina majibu mawili.

Huko Alabama, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili waganga waone ugonjwa utakavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana na kuthibitika kwamba inaponya. Hawakuambiwa ukweli. Wale walikuwa wakiwa kwelikweli.

Hapa kwetu, mkoani Mwanza, katika miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi ya Ukimwi. Walichukua maeneo 12, wakayapanga mawili mawili yanayofanana: la kisiwani na la kisiwani, la kando ya barabara na la kando ya barabara. Katika kila jozi, moja liliboreshewa tiba katika vituo vyake vya afya na zahanati. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha asilimia 40 palipokuwa na huduma hiyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 1995. Kazi ilipokwisha, maeneo yaliyosubiri nayo yalipelekewa huduma. Walipojua, waliwapa.

Bado mtu anaweza kuuliza juu ya walioambukizwa wakati wa kungoja, na sina jibu litakalomtosha mama wa mmoja wao. Ila naona tofauti kubwa kati ya kumngojesha mtu kwa jambo usilolijua bado, na kumnyima jambo ambalo umekwisha kulijua. La kwanza ni mzigo wa elimu. La pili ni dhuluma, hata likivaa koti jeupe.

Ndugu msomaji, usinielewe kwamba tusihukumu. Mwalimu asiyehukumu hafundishi, na mzazi asiyeonya halei. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuwaweka watu ndani ya makopo, tukawapa udongo mmoja na kikombe kimoja cha maji. Kwa hiyo tunapomlinganisha mtoto na mtoto, au mke na mke wa jirani, tunalinganisha mimea ambayo hatujui imepandwa wapi. Walakini tuna msaada mmoja ambao mtafiti wa mimea hana. Alizeti haiulizwi, mtu huulizwa. Nilimpima kijana yule kwa macho, na kinywa chake kilikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile nililomfedhehesha. Akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Sijui kama yalikwisha. Tulirudia jaribio kwa samadi iliyooza, na msichana yule akaweka sharti: tukimaliza kupima, wakiwa nao watiwe samadi. Nikakubali. Safari hii waliotiwa samadi waliwapita wenzao, kama wakulima wa huku walivyojua kabla yetu. Jioni ya siku ya kupima, kijana na msichana waliyazungukia yale makopo matano wakiwa na debe la samadi. Kijana aliendelea kuchelewa baadhi ya siku. Katika daftari langu, penye safu ya maelezo, nikaacha kuandika "mvivu." Nikawa naandika nilichokiona: amefika saa mbili na robo.