Amidi Aliyevunja Kamati

Mvuvi wa Kiegeani, kisiwani Mafia, akipeleka pweza kwa mnunuzi, macho hayabanduki kwenye mizani. Akiambiwa asijisumbue kutazama, hapo hapo anajua anaibiwa. Kisa hiki ni cha msomi aliyehakikisha kwamba hakuna wa kutazama mizani yake.

Moshe Porat alikuwa amidi wa Shule Kuu ya Biashara ya Fox, katika Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, Marekani. Alishika wadhifa huo mwaka 1996, akadumu nao miaka 22. Tusimwonee: hakuwa mvivu wala mbumbumbu. Mikononi mwake shule ilipanuka, wanafunzi wakaongezeka, jengo jipya likasimama. Angestaafu mapema, huenda leo angetajwa kwa heshima tupu.

Kilichomponza ni orodha. Kila mwaka jarida la U.S. News & World Report hupanga vyuo kwa ubora, na sehemu kubwa ya takwimu linazotumia hujazwa na vyuo vyenyewe. Mtu anayetaka kulipia shahada ya uzamili ya biashara (MBA) ya mtandaoni kwa maelfu ya dola huanzia juu ya orodha hiyo. Porat akaitaka nafasi ya juu. Profesa wa takwimu, Isaac Gottlieb, akazichambua kanuni za jarida ili ijulikane ni namba ipi ikiguswa shule inapanda. Meneja mmoja wa shule, Marjorie O'Neill, akapeleka takwimu za uongo. Katika MBA ya mtandaoni waliandika kwamba wanafunzi wapya wote walikuwa wameleta alama za GMAT, mtihani wa kuombea nafasi, ilhali walioleta hawakufika hata robo.

Hila ikazaa. Kuanzia 2015 hadi 2018 MBA ya mtandaoni ya Fox ilikuwa namba moja Marekani nzima, mfululizo. Ile ya wanaosoma huku wakifanya kazi ilitoka nafasi ya 53 mwaka 2014, ikafika ya 7 mwaka 2017. Watu wakamiminika na ada zao.

Wengi wakisimulia habari hii hukazia uongo wenyewe. Mimi naona mzizi uko nyuma kidogo. Shule ile ilikuwa na kamati iliyohakiki takwimu kabla hazijatumwa, na Porat akaivunja. Pengine siku hiyo hakuna aliyeshtuka, maana kamati zikivunjwa wajumbe hupumua: vikao vimepungua! Lakini tangu hapo hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kumwambia bosi, "Mzee, namba hii siyo." Waliobaki ni wale ambao mkate wao ulitegemea tabasamu lake.

Januari 2018, orodha mpya ikiwa imetoka tu, uongo ukaanza kuvuja. Chuo kikaliarifu jarida, na jarida likaiondoa Fox kwenye orodha. Mawakili wakaajiriwa kuchunguza, na Julai mwaka huo Porat akavuliwa uamidi. Hakukubali kosa, badala yake alikishtaki chuo kwa kumchafulia jina, akidai mamilioni ya dola. Wakati huo chuo kilikuwa kimekubali kuwalipa wanafunzi zaidi ya dola milioni 5. Gottlieb na O'Neill walikiri makosa mahakamani. Porat alichagua kupambana, na Novemba 2021 baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa ulaghai. Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miezi 14 na faini ya dola 250,000. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Alikata rufaa, akashindwa.

Nani aliumia zaidi? Kwangu mimi si Porat. Ni yule kijana aliyekopa akasomea shahada ya "namba moja", kisha akaamka siku moja cheti chake kimekuwa mzaha wa magazetini.

Philadelphia ni mbali na Mafia, lakini tamaa ya orodha tunayo. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, kaimu katibu mtendaji wake, Athumani Amasi, alisema baraza halitataja tena shule kumi bora, kwani kuzitaja kulikuwa kunazitangazia biashara. Wapo walionung'unika. Naona uamuzi ulikuwa sahihi, ila haujamaliza kazi: shule na vyuo sasa vinajitangazia ubora vyenyewe, kwenye mabango na kwenye simu za watoto wetu.

Kwa hiyo, mzazi wa Kiegeani unayetaka kuuza minazi ili mtoto avuke kwenda kusomea biashara bara, usiulize chuo kiko nafasi ya ngapi. Uliza kwanza kama kozi yenyewe inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kisha uliza namba zilizo kwenye kipeperushi zimehakikiwa na nani aliye nje ya chuo. Wakikosa jina la kukutajia, minazi usiiuze kwanza.