Ridhaa Mbele ya Kiti cha Enzi: Kukataa kwa Seong Deok-im

Je, mtu asiyeweza kukataa bila ya adhabu kufuata anaweza kusemwa kuwa ameridhia? Swali hili ni kongwe katika falsafa ya maadili, lakini ni nadra kuulizwa waziwazi katika fasihi ya mapenzi ya wafalme, ambamo kuteuliwa na mfalme huchukuliwa kuwa ndio upeo wa bahati ya mwanamke. Tamthilia ya televisheni ya Kikorea iitwayo The Red Sleeve, iliyoonyeshwa na MBC kwa sehemu 17 kuanzia Novemba 2021 hadi Januari 2022, inaliuliza bila ya kulikwepa. Imetokana na riwaya ya Kang Mi-kang, nayo inamhusu Mfalme Jeongjo wa Joseon, aliyetawala tangu 1776 hadi 1800, na Seong Deok-im, mtumishi wa kike wa kasri aliyekuja kuwa suria wake.

Kiini cha kisa si cha kubuni. Deok-im alipofariki mwaka 1786, akiwa mja mzito na miezi michache tu baada ya mwanawe, mrithi wa ufalme, kuuawa na surua, Jeongjo alimwandikia waraka wa kaburi. Humo anasimulia kwamba alipomtaka kwa mara ya kwanza, wakati yeye mwenyewe angali mrithi tu, Deok-im alilia na kukataa, akitoa hoja kuwa mke wa mrithi hajajaliwa mtoto, hivyo yeye hakuthubutu kuipokea amri hiyo. Jeongjo hakumshurutisha. Miaka 15 baadaye alimtaka tena, naye akakataa tena. Safari hii mfalme alimwadhibu mtumishi wa Deok-im, na ndipo mwanamke huyo alipotii.

Hapana budi mhakiki atue hapa kwenye adhabu ya mtumishi, kwa maana ndipo maumbile ya mamlaka yanapojifichua. Mfalme hakumgusa Deok-im mwenyewe. Kiboko kilimwangukia mtu wa tatu, asiyekuwa na jina katika waraka, ambaye hakuombwa chochote wala hakukataa chochote. Ridhaa iliyopatikana kwa njia hiyo ilikuwa na sura ya hiari, kwani aliyesema "ndiyo" hakuwa amepigwa; lakini gharama ya kusema "hapana" ilikuwa imekwisha kuonyeshwa katika mwili wa mwingine. Na ajabu ni kwamba mfalme hayaandiki haya kwa kutubu. Anayaandika katika maombolezo, kama ushahidi wa ubora wa marehemu: kukataa kwake kunageuzwa kuwa staha, na staha kuwa sifa anayojivunia mume.

Tamthilia inakataa tafsiri hiyo. Deok-im wa The Red Sleeve hakatai kwa sababu ya adabu mbele ya malkia. Anakataa kwa kuwa anajua atakachopoteza. Wanawake wa kasri la Joseon walihesabiwa kuwa ni wa mfalme, hata kama hakuwahi kuwatazama, na hawakuruhusiwa kuolewa. Ukingo mwekundu wa mkono wa vazi, uliompa msanii anwani yake, ni alama ya umilikaji huo. Hata hivyo mtumishi alikuwa na kazi, ujira, na wenzake wa chumba kimoja. Suria alikuwa na kungoja tu. Rafiki yake Yeong-hui anahukumiwa kifo kwa kumpenda mwanamume mwingine. Katika kasri lilo hilo, basi, mapenzi ni heshima yakitoka juu na ni jinai yakichipuka chini. Yafaa kukumbuka kwamba tamthilia ya awali, Yi San ya 2007 hadi 2008, iliwasawiri wapenzi hawa kama marafiki wa utotoni, huku mwanamke akiwa mtumishi katika ofisi ya wachoraji wa kifalme; humo kikwazo ni tabaka, na mapenzi ni ngazi ya kupandia.

Wapo watakaosema kwamba penye mamlaka kiasi hicho hapawezi kuwa na mapenzi kabisa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inamnyang'anya Deok-im hata kile kidogo alichobakiwa nacho, kwa kumfanya chombo kitupu cha utashi wa mwingine. Wapo pia watakaodai kuwa mapenzi ya kweli huyafuta mamlaka. Hao hawastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu adhabu ya mtumishi imekwisha kuwajibu. Njia ya tamthilia ni nyembamba zaidi. Deok-im huenda anampenda mfalme, ila hamwambii. Mwili, siku na watoto wake ni mali ya ufalme. Neno la mapenzi pekee ndilo asiloweza kuamriwa alitoe likabaki na maana yake, naye analizuia. Akiwa kitandani karibu na kufa, anaomba kwanza waitwe marafiki zake, si mfalme, na kisha anamsihi mfalme kwamba wakikutana katika maisha mengine ampite kama asiyemjua. Anadokeza vilevile kwamba kubaki kando yake kulikuwa chaguo lake. Kauli hizi mbili hazipatani kirahisi, na ni sifa ya msanii kwamba hakujaribu kuzipatanisha.

Kuna jambo jingine, la maandishi. Mnamo 1773 Deok-im alishiriki pamoja na dada wawili wa Jeongjo na wanawake wengine katika kunakili kwa mkono riwaya ndefu iitwayo Gwakjangyangmunrok, kwa hati ya Kikorea iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446. Waraka wa kaburi uliandikwa kwa Kichina cha wasomi. Kwa hiyo mkono wa mwanamke umeacha maneno ya watu wengine, na mkono wa mwanamume umeacha maneno kumhusu mwanamke. (Mfalme huyohuyo, mwaka 1792, aliwakemea wasomi wake kwa kuiga mtindo wa hadithi na riwaya.) Yote yanayojulikana kuhusu kukataa kwa Deok-im yamepitia kalamu ya aliyekataliwa.

Hili ndilo linalozua shaka kuhusu tamati ya tamthilia. Mfalme anamrudia Deok-im katika kitu kama ndoto mlangoni mwa mauti, anaamua kutoondoka, anaomba apendwe, naye anakubaliwa. Watazamaji wengi walifarijika. Lakini mwanamke alikuwa ameomba apitwe, na ndoto hiyo ni ya mfalme, kama waraka wa kaburi ulivyokuwa wake.