Uzito wa Jembe

Bibi yangu alipofikisha miaka 78 tulimnyang'anya jembe. Wenyewe tuliita kumpumzisha. Tulimlipa kijana wa kulima, tukamwekea Bibi kiti barazani, na kila alipoinamia ndoo mmoja wetu alimuwahi: "Kaa tu, Bibi." Mimi ndiye niliyelificha jembe darini.

Mwaka uliofuata hakuweza kuinuka kwenye kile kiti bila kushikwa mkono. Uzee ulichangia, lakini si uzee peke yake.

Siku hizo nilikuwa nasoma habari za wanaanga. Kule juu hawahisi uzito wao, na mifupa ya nyonga na miguu hupoteza kama asilimia 1 ya madini yake kila mwezi. Si ugonjwa. Mwili huacha kugharamia mfupa usiobeba kitu. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku.

Wahandisi wamefikiria njia nyingine: kukizungusha chombo chenyewe, ili sakafu ya ukingoni iwasukume watu miguuni kama ardhi. Ni kama kuzungusha ndoo ya maji kwa mkono na maji yasimwagike. Septemba 1966, Gemini 11 iliunganishwa na chombo cha Agena kwa kamba ya mita 30, vikazunguka pamoja. Uzito uliopatikana ulikuwa kiduchu mno. Ugumu uko kwenye ukubwa. Gurudumu dogo lazima lizunguke haraka, na mtu akigeuza kichwa humo anapata kizunguzungu na kichefuchefu. Likizunguka polepole, mara 2 kwa dakika, kutoka katikati hadi ukingoni panahitajika mita 224 hivi ili kupata uzito kamili wa duniani. Chuma chote hicho, ili watu wapewe kitu ambacho sisi tunatamani kukitua.

Nimelelewa nikiamini kwamba kupenda ni kumpunguzia mtu mzigo. Methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi nilidhani inamsuta asiyesaidia. Sasa naona inanisuta mimi niliyesaidia: niliubeba mzigo wa Bibi nikautupa, bila kuuliza ulikuwa umeshikilia nini.

Sisemi wazee waachwe wateseke. Mzigo unaokuponda haukujengi. Lakini mwanaanga huulizwa kabla ya kupanda chombo. Bibi hakuulizwa.

Nililishusha jembe. Lilikuwa limeshamshinda, tukamnunulia dogo la palizi. Analimia tuta moja la mchicha, kisha anaketi. Nguvu zake zote hazikurudi. Nikitaka kumpokea ndoo namuuliza kwanza, na mara nyingi anakataa. Huwa nasimama pembeni nikimtazama, mikono mitupu, na hilo ndilo zoezi langu gumu.