Haki ya Mti Usiozaa

Katika mabonde ya Usambara ya Mashariki, kandokando ya vijito viteremkavyo kutoka Amani kwenda kuungana na mto Sigi, huota mmea ambao mtu wa pwani akiuona kwa mbali huudhani mnazi, hata akikaribia ndipo hubaini kwamba makuti yake ni laini na yamegawanyika mara mbili na tatu, kwamba shina lake jembamba lina miiba, na kwamba kileleni hamna dafu wala kole. Maana hilo ni kangaga, jamaa ya yale madogo yaotayo penye chepechepe, ila hili limesimama likawa mti.

Halitoi ua, halizai tunda, wala halina mbegu. Uzao wake umo katika vumbi la spora lililofichika chini ya makuti, ambalo upepo hulichukua na kulimwaga popote. Na katika maelfu kwa maelfu ya chembe hizo, ile iliyojaliwa kuangukia udongo wenye unyevu na kivuli humea kijani chembamba, kidogo kuliko ukucha, ambacho juu yake chembe ya uzazi ya kiume haina njia ya kuifikia ya kike ila kuogelea katika utando wa maji. Kwa sharti hilo gumu Mola ameulea ukoo huu zaidi ya miaka milioni 140, na leo aina zake duniani zapita 600, nyingi zao zikikaa katika milima yenye ukungu. Na aghalabu kangaga-mti lina ncha moja tu ya kukulia: likikatwa kilele, halichipui tena.

Sasa mtu mwenye insafu ataniuliza: mti usiotulisha wala kutupa mbao una haki gani juu yetu? Jibu jepesi lipo, nalo ni kweli. Msitu unaolihifadhi kangaga ndio unaouhifadhi mto Sigi, na maji ya Sigi ndiyo yanywewayo mjini Tanga. Lakini hoja hii, ijapokuwa sahihi, siitegemei. Kwani haki iliyojengwa juu ya manufaa huanguka siku manufaa yapatikanapo kwingine, na kama kesho Tanga ingeletewa maji kutoka mto mwingine, tungekuwa tumeshatoa idhini ya shoka.

Tuitazame dini basi. Wengi hutaja wasia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lililokwenda Sham, kwamba wasikate mti uzaao, na ni wasia mtukufu. Walakini mwenye tamaa aweza kuugeuza akasema kwamba usiozaa umeachwa huru. Hapo ndipo napenda kumkumbusha siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipoutangaza utukufu wa mji ule, akakataza hata miiba yake isikatwe. Mwiba haulishi mtu. Ataniambia kwamba Makka ni Makka, na Amani si mahali patukufu kama hapo. Nami nakubali, wala siufanyii mlima hukumu isiyo yake, ila nauliza: ikiwa utukufu wa mahali uliweza kuufunika mwiba, yawaje tuseme kwamba tunda ndilo sababu ya kuheshimiwa kiumbe? Sisi tumepewa amana, na mwenye kupewa amana hachagui ndani yake kile kimpendezacho akakitupa kilichosalia.

Fauka ya hayo, siku ileile Abbas, ami yake Mtume, aliomba nyasi za idhkhir ziachiliwe, kwa kuwa wahunzi na wenye nyumba walizihitaji, naye akakubaliwa. Kwa hiyo haja ya mja ina nafasi, na mkulima wa mlimani mwenye watoto wenye njaa hapaswi kuhubiriwa kama mkosefu. Lakini haja ile ilitajwa kwa jina, ikapimwa. Je, ilipimwa haja ya Wajerumani walipoifyeka misitu ya Usambara ili wapande kahawa, katika zama zilezile walipoanzisha kituo chao cha utafiti Amani mnamo 1902, au ya wale waliokuja baadaye na chai? Na ni haja gani ya kukata shina lililokua kwa makumi ya miaka ili mizizi iliyolizunguka iuzwe kwa wapandao okidi katika nyumba za vioo? Ni kwa sababu ya biashara kama hiyo kwamba mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa sahihi mwaka 1973, unadhibiti biashara ya jamii hii katika orodha yake ya pili.

Sehemu ya msitu wa Amani imekuwa hifadhi tangu 1997, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Nje ya mipaka yake iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mita hizo 60 ndizo hasa makazi ya kangaga. Sheria imeutaja mto. Ningetamani wanazuoni na mahatibu wetu, wanapowaeleza watu wa milimani kanuni hiyo, walitaje na kangaga.