Sheria Chache, Kelele Nyingi

Hapa Meru, ukikaa kucheza kadi na watu usiowajua, swali la kwanza ni, "Nyinyi huwa mnacheza aje?" Sheria zenyewe ni chache. Ukiwekewa 2 unaokota mbili, ukiwekewa 3 unaokota tatu. J inaruka mtu, K inarudisha mchezo nyuma, Q na 8 ni maswali, lazima yajibiwe. Ukikaribia kumaliza unatangaza, "Niko kadi." Dakika tano ushajua.

Kisha mtu anawekewa 2, anajibu kwa A, na meza nzima inasimama. Inazuia ama haizuii? Kila mtaa una jibu lake. Anayeamua ni mwenye kadi, ama mwenye sauti kubwa. Mgeni anaokota.

Linganisha na bao la Waswahili wa pwani. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kuna hatua ya namua, kisha mtaji. Kuna nyumba, ina masharti yake peke yake. Kuna kutakata. Utafungwa miezi mingi kabla hujaelewa kwa nini unafungwa. Lakini fundi hawezi kukubadilishia sheria ya nyumba katikati ya mchezo eti kwa sababu anashindwa. Waliozunguka ubao wanaijua, na watasema.

Basi sheria nyingi ndizo haki? Ngoja kwanza. Niliacha chuo mwaka wa pili, baada ya kuzuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio la karo. Kulikuwa na kifungu kinachoruhusu kulipa kidogo kidogo. Kilikuwa kwenye kitabu kinene ambacho hakuna mwanafunzi niliyemjua aliyewahi kukishika. Ofisini walikijua. Chuo kilikuwa na sheria nyingi kama bao, ila bila watazamaji.

Ndiyo maana siku hizi sihesabu sheria. Chache zinawafaa marafiki, maana kuaminiana kunaziba mapengo. Kati ya wageni, pengo linazibwa na mwenye nguvu. Nyingi zinamlinda mgeni, mradi anayeshindwa pia azijue. Kipimo changu ni kimoja: anayepoteza anaweza kuionyesha sheria kwa kidole, na wengine wakakubali iko?

Kwenye kadi, hiyo ni kazi ya dakika moja: semeni ya A kabla ya kugawa. Kwa chuo, ilikuwa kazi ya karatasi moja ukutani.