Maji ya Kutoka

Kila uchaguzi unapokaribia, Kibera huahidiwa maji. Sijawahi kumsikia mgombea hata mmoja akiahidi mahali pa kuyamwaga. Tangi hujengwa, utepe hukatwa, mama fulani hupigwa picha akikinga mtungi kwenye mfereji, akitabasamu kama alivyoombwa, na habari huishia hapo. Maji yenyewe hayaishii hapo. Lita 20 zilizoingia nyumbani asubuhi lazima zitoke kabla watu hawajalala, zikiwa zimebeba mafuta, povu na makombo ya ugali, na hizo za kutoka hazina mfadhili.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu shangazi yangu anayeishi Kianda, kijiji kimoja cha Kibera, alipobadilisha sinki lake.

Najua kuna msomaji ameguna. Sinki, Kianda? Nyumba nyingi pale, kama Kibera kwa jumla, ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10: kuta za udongo au mabati, kitanda nyuma ya pazia, kochi, runinga, na kona ya kupikia yenye meko ya gesi na sufuria zilizopangwa kwa ukubwa. Maji hununuliwa kwa mtungi. Vyombo huoshwa kwenye karai, ama sakafuni ama mlangoni, mwoshaji akiwa amechutama au ameketi kwenye stuli. Hakuna bomba linaloingia wala linalotoka. Sinki la nini?

Shangazi ana jibu. Amefanya kazi katika nyumba za watu, Kilimani na Lavington, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kutwa husimama mbele ya sinki la mabakuli mawili, maji moto mkono huu na baridi mkono ule, kisha jioni alikuwa akirudi Kianda kuchutamia karai lake mwenyewe. Umaskini ameuzoea. Kuchutama ndiko kulikomshinda. "Mgongo ninao mmoja, mwanangu," aliniambia. "Hauwezi kuwa wa Lavington mchana na wa Kianda usiku."

Basi miaka kadhaa iliyopita alimwendea fundi wa jua kali akatengenezewa sinki la kwanza: bakuli la bati juu ya miguu ya chuma, mtungi wenye kifereji cha plastiki kwenye rafu ya juu, ndoo chini ya tundu. Lilimfaa sana hadi lilipooza, na likaoza pale pale yanapoozea masinki yote ya bati, kwenye ukingo wa tundu, mahali ambapo matone ya mwisho hukataa kuondoka. Zinki iliyopakwa juu ya bati huisha kidogo kidogo, chuma kikibaki uchi, na baada ya hapo ni kutu na viraka tu, hadi akarudi kwenye karai.

Majuzi tajiri wake alibomoa jiko lote, sijui walichoka rangi au walichoka kabati, na sinki la zamani la stenilesi likawekwa nje karibu na pipa la taka. Lilikuwa zima, bakuli moja na ubao wake wa kukaushia vyombo. Shangazi akaliomba, akapewa, akalipandisha matatu. Makanga alidai nauli ya kiti cha pili, naye akalipa bila kubishana, maana sinki kweli lilikuwa limeketi.

Hapa nimsifu fundi, kijana wa hapo hapo Kianda, kwa sababu kazi ya namna hii watu hudhani ni ya dakika tano. Fundi mzuri huanza kwa kupima uwazi wa meza, si sinki, kwa kuwa chuma cha sinki hakipanuki kumridhisha mtu. Fremu ya zamani ilikuwa fupi, ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Tundu la sinki jipya lilikuwa pana kuliko kiungo cha zamani, kwa hiyo mpira, nati na kichujio vyote vikanunuliwa upya, pamoja na kipande cha bomba la inchi moja na nusu. Kisha silikoni ukingoni, na amri kali kwamba mtu asiguse hadi kesho. Nilimuuliza mbona stenilesi haishiki kutu ilhali nayo ni chuma. Akasema tu, "Hii ni mali." Maelezo ya vitabuni ni kwamba imechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10 na ushei, ambayo hushikana na hewa ya oksijeni na kujifunika utando mwembamba usioonekana, ukiukwaruza kwa stiliwaya hujirudia wenyewe. La fundi ni fupi zaidi, na kweli ni mali.

Nilipoutazama mtambo ule wote ukiwa umesimama, mtungi juu, sinki katikati, ndoo chini, nilikumbuka zile trela za kuishi ambazo Wamarekani huvuta nyuma ya magari yao wakienda kupiga kambi. Mwaka 1936 kampuni ya Airstream ilitoa trela iitwayo Clipper, nyumba ya alumini iliyojibebea maji yake yenyewe. Za siku hizi zina tangi la maji safi, tangi la maji yaliyooshea vyombo, na tangi la tatu la choo. Mwenye trela akibadilisha sinki hupambana na mambo yale yale aliyopambana nayo fundi wetu: uwazi usiolingana, nafasi ya kuingizia mkono, uzito, bomba linalokwaruza goti. Chumba cha shangazi ni trela isiyo na magurudumu. Kinanunua maji yake, kinahifadhi taka zake, na mwenyewe anajua kwa lita amebakiwa na nini.

Tofauti iko mwishoni mwa safari. Mwenye trela tangi likijaa huendesha hadi kituo maalumu, anachomeka mpira kwenye tundu la ardhini, na uchafu unashuka kwenye bomba linalojulikana. Katika kambi nyingi haruhusiwi kumwaga chini hata maji ya kusuuza kikombe. Ndoo ya shangazi ikijaa haina kituo.

Fundi naye aliliona hilo. Alipomaliza kukaza nati, alisimama akajifuta mikono akasema, "Mathe, hii ndoo ya nini? Nikutobolee ukuta, nikutolee paipu nje."

Shangazi akamuuliza, "Nje ni wapi?"

Kijana akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Nje ya ukuta ule kuna ujia wa upana wa mabega mawili, na ng'ambo ya ujia ni mlango wa jirani mwenye mtoto anayetambaa. Mtaro wenyewe uko nyumba kadhaa chini. Paipu ya "nje" ingemwaga povu la Lavington mlangoni pa mtoto huyo kila jioni. Na hata ingefika mtaroni, ingehitaji kile kipande kilichopindwa kinachobaki na maji ndani ili kuzuia harufu na mende wasipande. Ni ubunifu wa zamani: mtengeneza saa wa London, Alexander Cumming, alisajili choo chenye bomba la kupinda namna hiyo mwaka 1775. Kila sinki la Kilimani lina kipindo chake, na wenye nyumba hawakijui hadi siku kijiko kinapotumbukia.

Tuseme maji yamefika mtaroni. Kianda imeinamia bondeni, na mitaro ya Kibera huteremkia vijito vya Mto Ngong, mto ukaingia Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga juu yake. Leo ni matope na magugu maji. Yakishapita hapo, maji ya sufuria zetu hukatiza Eneo la Viwanda, Mto Ngong ukaungana na Mto Nairobi, Nairobi ukaingia Athi, Athi ukawa Galana, Galana ukawa Sabaki, na Sabaki ukamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Wamalindi huona bahari yao ikigeuka rangi ya chai wakati wa mvua. Sehemu kubwa ya udongo ule ni ya mashamba ya bara, lakini sisi pia tumo.

Nani basi alaumiwe? Ni rahisi kumlaumu landilodi, na mimi humlaumu kwa moyo mkunjufu. Lakini landilodi wa Kibera ana nyumba, hana ardhi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, kuwa la jeshi, wakae askari wa Kinubi waliotumikia King's African Rifles. Baada ya uhuru serikali ilibaki na ardhi, watu wakabaki na kuta. Wanubi wenyewe walisubiri hati yao hadi mwaka 2017, na hiyo ni ya ekari 288 tu. Mtu anayejua kwamba tingatinga laweza kuja hatachimba bomba la kudumu chini ya nyumba ya muda, na kwa namna fulani ana hesabu sahihi. Ndiyo sababu juhudi za kuleta maji hufanikiwa kuliko za kuyaondoa. Shirika la SHOFCO limepitisha mabomba yake ya maji juu kwenye nguzo, hewani, yasikatwe na wezi wala yasinyonye uchafu wa mitaro. Ni akili kubwa. Ila maji machafu hayakubali kupitishwa hewani. Yanataka ardhi, mteremko, na mtu mwenye mamlaka ya kusema chimba hapa.

Walipohamishwa watu wa Soweto Mashariki, hapo hapo Kibera, kwenda magorofa ya Lang'ata, Septemba 2009, walikuta masinki yenye bomba la kutoka. Hata huko jiko moja lilitumiwa na familia zaidi ya moja. Katiba ya 2010 nayo, Kifungu cha 43, inataja maji safi ya kutosha na inataja pia usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Waandishi wake walikumbuka pande zote mbili za sinki. Wasomaji wake husoma upande mmoja.

Karai, kwa upande wake, lilikuwa na adabu ambayo sinki halina. Kwenye karai maji ya kusuuza leo jioni ndiyo ya kuoshea sufuria nyeusi, ya sufuria ndiyo ya kupigia deki, ya deki ndiyo ya kutuliza vumbi mlangoni au kumwagwa chooni. Mtu aliyafuata hatua kwa hatua. Sinki huchanganya yote na kuyaangusha gizani, na wiki ya kwanza ndoo ilijaa upesi kuliko zamani kwa sababu kifereji kilikuwa kitamu kukiacha wazi. Mtungi si bure, na siku maji yakiadimika bei hupanda bila kumuuliza mtu. Shangazi akaweka sheria. Fundi alikuwa ameahidi kumshonea pazia la kuficha ndoo, kwa uzuri. Shangazi alikataa. Anataka kuiona ikipanda.

Kitu kimoja sikukitarajia. Binamu yangu, kijana wa miaka kumi na saba ambaye karai hakuligusa tangu azaliwe, sasa huosha vyombo. Anasimama wima, redio ikiimba, anaosha. Kumbe lililomkataza si vyombo, ni kule kuchutama ambako amekuona ni kwa mama na dada zake. Sijui kama nifurahi au nikasirike kwamba ilihitaji stenilesi. Shangazi hana muda wa swali hilo. Ndoo ikijaa humwita huyo huyo, aibebe hadi choo cha ploti, aimwage huko, airudishe ikiwa imesuuzwa.

Wiki iliyopita keateka alikuja kutazama. Alikagua fremu, akagonga bakuli kwa kucha, akauliza kama kodi ya nyumba yenye sinki isipande kidogo. Shangazi akamwambia aende amwambie landilodi kwamba yuko tayari kuzungumza kodi siku bomba kubwa la maji taka litakapofika ploti. Upande wake umekamilika, inchi moja na nusu, nati imekazwa. Keateka alisema atafikisha. Kisha akaomba kuosha mikono.