Vikapu Kumi na Viwili



Bwana wetu alipowashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye masalio, na vikapu kumi na viwili vikajaa (Yohana 6:13). Yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakudharau makombo.

Huko Denmark, katika mji wa bandari uitwao Kalundborg, viwanda huishi kwa namna hiyo. Mwaka 1972 gesi iliyobaki katika kiwanda cha kusafisha mafuta ilianza kupelekwa kwa jirani atengenezaye mbao za jasi. Toka 1981 joto la mtambo wa umeme likapasha moto nyumba za mji. Mapatano hayo yalianza kwa majirani kuzungumza.

Je, sisi? Baada ya Sikukuu ya Mavuno tuliacha ndizi zikaoza katika ghala ya kanisa, na hatua chache kutoka hapo watoto walilala na njaa. Chakula kilikuwapo; hatukuulizana hali.

Basi juma hili tubishe hodi kwa jirani, tumwulize amepungukiwa nini, nasi tumwambie kilichotuzidi. Bwana asiyadharau makombo yetu. Amina.